Mwaka Mkongojo Wangu Ulipotundikwa Ukutani

Nilimsikia kabla sijamwona. Tulikuwa tumeketi chini ya turubai uani kwa marehemu Mama Nyevu, mtaa wa Mjambere, siku ya tatu ya matanga, wanawake tukichambua mchicha na wanaume wakibishana juu ya gari la kubebea jeneza. Kwenye saruji ya barazani kukasikika chuma, ko, kisha mguu mzima ukafuata, kisha ko tena. Sikuinua kichwa, maana nilijua ni Neema. Siku hizi ni mwanamke mzima, ana ofisi yake ndogo karibu na bandari ya Kipevu anakoshughulikia makaratasi ya mizigo, na huvaa sketi ya kiasi cha kukiacha kiatu chake cha chuma, cha kuutegemeza mguu, kionekane, wala hamwombi mtu radhi kwa hilo. Akaniinamia, akanipa shikamoo, nami nikamwitikia marahaba. Akautazama mkongojo uliolala mapajani mwangu, akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe ni ule ule, Auntie." Ni ule ule. Fundi Kazungu aliuchonga kwa mti wa mkilifi, na mkilifi hauliwi na mdudu.

Siku ya mazishi wakaniomba nitoe ushuhuda wa dakika mbili juu ya marehemu. Nilisema alikuwa mtu wa maombi, nikaketi. Watu walishangaa, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno machache, na mkiwauliza wanaonijua watawaambia hata ugomvi nausimulia kwa mpangilio. Lakini niliyokuwa nayo hayakuwa ya dakika mbili. Yalikuwa ya mwaka mzima, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na Mama Nyevu ndiye aliyeyaona yote kutoka ndani. Sasa nimebaki nayo peke yangu. Nayaandika mapema kabla sijaanza kuyapamba, maana kupamba nilishakujaribu na ninajua kunakompeleka mtu.

Mwaka ule nilipanga na Mama Nyevu chumba kimoja mtaa wa Bombolulu. Yeye alikuwa mjane wa makamo, mpika mahamri, na binti yake Nyevu alikuwa ameolewa mbali. Kitanda changu kilikuwa upande wa dirisha, chake upande wa mlango kwa sababu aliamka alfajiri kukanda unga, na katikati palikuwa na jiko, karai na meza yenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa kigae. Hadi leo harufu ya iliki hunifanya nidhani nimechelewa kazini. Asubuhi tulikula mahamri yaliyopinda, yale ambayo wateja wangeyakataa, na mbaazi za nazi zilizobaki. Jioni sima na mchicha, na siku njema kipande cha papa mkavu. Nilifanya kazi katika karakana moja ya watu wenye ulemavu, nikikata shaba nyembamba na kuisugua iwe herini. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, ukabaki mwembamba. Nilitembea kwa mkongojo. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa nje hawakulijua, nanyi mlijue mapema: bila mkongojo niliweza kwenda hatua kumi au kumi na mbili, mradi niwe na kitu cha kukilenga mbele yangu, kitanda au kizingiti. Nilikuwa nikifanya hivyo kila siku chumbani.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, upande wa Mjambere, mwendo ambao mtu mwenye miguu miwili haufikirii. Mchungaji Ezra alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kutetemeka, na sitaki mtu amdhanie tapeli. Alipoombea wagonjwa alilia kweli, na kola ya shati lake ililowa. Katika juma la kufunga na kuomba, Ijumaa mchana, aliniita mbele. Watu waliimba, ngoma zikapigwa, joto la bati likatushukia, nami sikuwa nimekula tangu Jumatano. Alinishika mikono yote miwili, akaniachia, akarudi nyuma akasema, "Dama, njoo." Mkongojo ukaanguka. Nikamwendea. Nikavilenga vile viatu vya ngozi alivyovaa, nikaenda hatua kumi, labda kumi na mbili, nikamwangukia kifuani, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Wakati ule niliamini. Mwili wote ulikuwa wa moto, nikasema moyoni kwamba kama Mungu hayuko hapa basi hayuko popote.

Kando ya madhabahu palikuwa na msumari mrefu ulioshikilia kalenda. Mchungaji akaitoa kalenda, akautundika mkongojo wangu pale juu, watu wote waone. Lilikuwa jambo la kawaida katika makanisa yetu wakati ule. Aliyepona huacha alichokuja nacho, fimbo, bandeji, hata miwani. Dada wawili wa kwaya wakanishika mikono kunirudisha nyumbani huku wakiimba, wakidhani wananishika kwa furaha. Kumbe wao ndio walionibeba. Kesho yake mguu ulivimba kuanzia kifundo hadi gotini, nikatuma salamu kazini kwamba nina homa. Mama Nyevu alichukua ufagio wetu wa mpini mrefu, akautoa mpini, akauegemeza kitandani kwangu, kisha akaendelea kufagia ameinama.

Nilipomweleza Mchungaji juu ya uvimbe alinishika bega. "Usiyataje maumivu, dada. Ukiyataja unayakaribisha. Wewe kiri kwamba umepona, mwili utafuata." Kwangu ilikuwa rahisi kutii kuliko kubisha. Jumapili ile nikasimama nikatoa ushuhuda. Bwana asifiwe! Amina! Bwana asifiwe tena! Amina! Nilisema nilikuwa nikitembea kwa mkongojo, sasa natembea. Jumapili ya pili nilisema nilikuwa sijiwezi. Walipotualika Likoni nilisema sikuwahi kukanyaga ardhi tangu kuzaliwa, na wanawake wakavua leso mabegani wakanipungia. Nilijua kupanga safari zangu: niketi kiti cha mbele kabisa, niinuke hatua tano, niseme, nirudi hatua tano. Baada ya hapo soda ya baridi, pilau ya wageni, na mtoto wa mtu kuletwa nimguse kichwa. Mimi, niliyezoea kuulizwa sokoni kama nimekuja kuomba, nilikuwa nikiitwa "mtumishi". Nilifurahi mno, sitasema uongo. Nilishonewa gauni la kitenge lenye mikono mipana, na nikiwa njiani kurudi, mguu ukiniwaka, nilikuwa tayari nikifikiria nitasema nini Jumapili ijayo.

Kazini sikuweza kuigiza, pale kila mtu alikuwa fundi wa mwili wake. Nilikuja na mpini wa ufagio, nikauficha nyuma ya mlango wa stoo. Kazungu, seremala wetu aliyefanya kazi kwenye kiti cha magurudumu, alinivumilia miezi mitatu. Siku moja wakati wa chai akauliza, "Dama, nasikia umeponea Mjambere. Hapa Bombolulu ugonjwa wakurudia vipi, ama waogopa mashine?" Wenzetu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akashusha sauti. "Nakuuliza kwa wema. Ule mkongojo nilikuchongea siku mbili nzima. Kama Mungu amekuponya, wallahi nitafurahi uchomwe kuni. Kama hajakuponya, nenda ukautwae." Nilimjibu kwamba tatizo lake ni kukosa imani. Naandika maneno haya na uso unanichoma hadi leo. Kazungu alikuwa mzee wa kanisa lao, na alikuwa akimwomba Mungu tangu mimi sijazaliwa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa bafuni, yale mabafu ya ua yenye ukuta wa bati, nikasikia wanawake wawili wakizungumza kwenye foleni ya mfereji wa maji. Mmoja akasema, "Yule Kazungu atakufa kwenye kiti. Mwenziwe Dama si ameinuka? Yeye ana jambo analolificha kwa Mungu." Wa pili akasema, "Lazima. Mungu hana upendeleo." Sabuni ilikauka mikononi mwangu. Nilikuwa nimedhani uongo wangu haumgusi mtu, kwamba ni kama shanga nilizojivika mwenyewe. Kumbe kila niliposema nimepona kwa imani nilikuwa nikiwashtaki wenzangu wote wa karakana kwamba wao hawana imani.

Jioni ile Mama Nyevu alinikuta nikiukanda mguu kwa mafuta ya nazi. Aliketi kwenye kigoda chake, bakuli la mbaazi mapajani, akichagua mawe.

"Dama."

"Abee."

"Ukiomba, wamwambia Mungu nini juu ya huo mguu?"

Nikamwambia namshukuru kwa kuniponya.

"Na yeye akujibu vipi?"

Niliendelea kuukanda mguu.

"Mimi sikusoma," akasema, "lakini nimemwomba Mungu miaka mingi kuliko umri wako, na jambo moja nimeliona. Hasaidii mtu asiyekuwepo. Wewe wamletea Dama wa kanisani, yule mwenye gauni. Yule hana haja na Mungu, keshapona. Huyu mwenye mguu uliofura hajaomba tangu Ijumaa ile."

Nilimtetea Mchungaji. Nikasema imani ni kukiri kabla ya kuona. Mama Nyevu akatupa jiwe nje ya mlango. "Kumwambia Mungu 'waweza', hiyo ni imani. Kumwambia jirani 'amenitendea', na hakutenda, huo ni uongo, hata ukausema kanisani. Kweli ni moja, mwanangu. Haina ya kanisani na ya chumbani."

Nilianza kuomba siku hiyo, lakini nilianza vibaya. Niliomba Mungu aniponye kabla ya Jumapili ili ushuhuda wangu uwe wa kweli. Nilimpa hadi siku ya mwisho. Nilitaka anisaidie kuufunika uongo wangu ili nisiukiri, na kila asubuhi niliuweka mguu sakafuni kwa pupa kuona kama amekubali. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka, nilimkasirikia.

Kisha akaja Mama Neema. Alikuwa mtu wa bara, mumewe akiendesha malori ya Kipevu, wanakaa Changamwe, na alikuwa amenisikia nikishuhudia huko miezi miwili nyuma. Alinifuata hadi karakana saa ya chakula cha mchana, mtoto wa miaka mitano mgongoni. Aliniamkia kwa heshima iliyonitia aibu, kwa kuwa alinizidi umri.

"Sista, mimi nilikuskia ukisema hukuwahi kukanyaga chini, na sasa unatembea. Nikasema kama ni huyo Mungu, basi na wangu pia. Hiyo kiatu ya chuma ya Neema nilitoa siku hiyo hiyo. Hata kliniki tuliacha."

Akamshusha mtoto. Neema alisimama kwa mguu mmoja, akimshika mamake sketi. Goti la mguu mwembamba lilikuwa limeanza kupindia nyuma, na alipojaribu kuja kunisalimia alikaa chini, akaja akijiburura kwa makalio kwenye vumbi la mbao. Hakulia. Alinipa mkono akaniambia, "Shikamoo."

"Sasa," mamake akasema, "ninaogopa imani yangu ni ndogo. Nikuulize tu, ulikaa muda gani kabla mguu kunyooka?"

Mkongojo wangu wa uongo, ule mpini wa ufagio, ulikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka nilipoketi. Ningeweza kumwonyesha papo hapo. Nilisema, "Mrudishie kiatu kwa sasa, ni kwa mazoezi tu, tuendelee kuomba. Njoo kanisani kwetu Jumapili." Akanitazama kwa mashaka, kama mtu aliyepewa dawa nusu. Alisema atafikiria, kwa sababu kumrudishia kiatu kungekuwa ni kumwambia Mungu kwamba amechoka kungoja. Nilijua amejifunza hayo kutoka kwetu. Walipoondoka nilimpa mwenzangu muhogo niliokuwa nimeununua.

Nilifunga siku tatu. Mchana nilijifungia stoo ya vipande vya mbao, nikaketi kwenye gunia la unga wa msumeno, kwa kuwa kupiga magoti siwezi. Siku ya kwanza nilibishana. Nilimwambia Mungu kwamba Mama Neema nimeshamwelekeza, mengine yaachwe yalivyo. Kwamba watu wameokoka kwa ushuhuda wangu. Kwamba jina lake litaaibika. Niligundua jinsi nilivyokuwa na huruma na jina la Mungu, kumbe jina nililolihurumia ni langu. Siku ya pili sikuwa na maneno. Siku ya tatu nikasema, kwa sauti, "Mguu wangu unauma. Haukupona. Nimewadanganya watu wako, na napenda wanavyonipenda. Sina nguvu za kuacha. Nipe." Ni hayo tu. Mguu haukubadilika, na sikuona nuru yoyote. Lakini nilipotoka nje Kazungu aliniona na mpini wa ufagio mkononi, waziwazi, akaacha randa akanitazama hadi nilipofika kwenye meza yangu. Sikuuficha tena.

Jumamosi nilimwendea Mchungaji. Aliniambia kesho kuna wageni kutoka makanisa manne, na mimi ndiye shahidi mkuu. Nikamwambia yote. Akafunika uso kwa mikono. "Dama, kuna kweli ya mwili na kuna kweli ya imani. Usiwachanganye watu. Keti tu kesho, usiseme lolote. Baadaye tutajua la kufanya." Hilo ndilo lililokuwa jaribu langu kubwa kuliko yote, kwa sababu sikuambiwa niseme uongo, niliambiwa ninyamaze tu. Usiku kucha ningeweza kulipima hilo, lakini nilikwishafunga na kuomba, na jibu lilikuwa tayari kinywani. "Kweli ni moja, Mchungaji. Kuna mtoto anajiburura kwa makalio kwa sababu yangu."

Jumapili niliingia na mpini wa ufagio. Watu walidhani ni igizo la ushuhuda, wengine wakapiga makofi. Mama Neema alikuwa mstari wa tatu, mtoto amempakata, miguu mitupu. Wimbo ulipoisha sikungoja kuitwa. Nilikwenda moja kwa moja ukutani kuuchukua mkongojo wangu, nikanyoosha mkono, na haukufika. Mchungaji alikuwa mrefu. Aliutundika kwa kimo chake. Nikabaki nimenyoosha mkono mbele ya wageni wa makanisa manne, kanisa likiwa kimya kiasi cha kusikia bati likipanuka kwa jua. Ndipo nikasikia benchi likiburutwa. Mama Nyevu, na uzito wake wote, alipanda juu ya benchi akikokota leso, akauangua mkongojo, akanipa. "Haya, sema," akaniambia, kama vile nachelewesha chakula.

Nikasema. Sikusema Bwana asifiwe, niliogopa wangeniitikia nikajisahau. Nilisema mguu wangu haujapona. Nilisema zile hatua nilikuwa naziweza tangu zamani, na kwamba Likoni na Changamwe niliongeza chumvi hadi chakula kikaharibika. Nilisema Mungu aweza kuponya na mimi namwomba kila siku, lakini hajaniponya, na asiyeponywa si mwenye dhambi kuliko aliyeponywa. Nikamtaja Kazungu kwa jina, nikasema nilimkosea. Kisha nikamgeukia Mama Neema. "Mamangu, mvishe mtoto kiatu. Mrudishe kliniki. Ukimvisha hujamkosea Mungu." Wageni wengine waliinuka wakatoka. Mwanakwaya mmoja aliyekuwa akinishika mkono njiani alisema kwa sauti, "Ameupoteza uponyaji wake." Mama Neema alimbeba mwanawe, akatoka akilia, na sikujua analia kwa nini.

Wiki ile hakuna aliyeniita mtumishi. Kwenye mfereji mazungumzo yalikatika nilipofika. Jumatano Mchungaji Ezra akaja chumbani, akaketi kwenye kigoda, Mama Nyevu akampa mahamri mawili yaliyopinda na chai ya tangawizi. Hakuja kunikemea. Alizungusha kikombe mkononi muda mrefu. "Nilitaka sana iwe kweli," akasema. Nikamwambia hata mimi. Mama Nyevu akatuombea sote wawili, maombi mafupi, mafuta yakiwa motoni.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani. Mama Nyevu alikuwa na oda ya harusi, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, na njia yote moyo ulinisihi nirudi, nami njia yote niliomba, neno kwa kila hatua ya mkongojo. Niliketi benchi la nyuma kabisa. Lilikuwa benchi la watu sita na hakuna mwingine aliyeketi. Msumari ulikuwa mtupu, kalenda haikurudishwa. Waliimba wimbo wa kwanza, wakaimba wa pili, nikajiambia kwamba hata wasiponisemesha mwaka mzima nitakuja, kwa sababu Mungu niliyemwambia kweli kule stoo yuko na hapa pia.

Mchungaji alikuwa ameanza kusoma aliponyamaza ghafla. Mlangoni, kwenye saruji, chuma kiligonga, ko. Kisha mguu mzima. Kisha ko. Kanisa zima likageuka. Neema aliingia amemshika mamake kidole kimoja, ulimi nje kwa bidii, akikitazama kiatu chake kana kwamba kingemtoroka. Hawakwenda mstari wa tatu. Walikuja kwenye benchi langu, nikausogeza mkongojo wapate kupita, na Mama Neema akaketi bega kwa bega nami, akifuta jasho.

"Pole sista, tumechelewa," akaninong'oneza. "Ni hiyo mikanda ya kiatu. Nilikuwa nimesahau vile inafungwa."